Kumwandikia Wakala wa Akili Mnemba Maelezo ya Zana ya Kufuta Picha

Mpe fundi wa kompyuta zana yenye maelezo ya maneno mawili, "Inafuta picha", na atasita. Atatafuta mwongozo, atamuuliza mwenzake, atajaribu kwanza kwenye akaunti isiyo na kitu cha maana. Wakala wa akili mnemba huletewa jina la zana, aya moja ya maelezo na orodha ya parameta, basi. Kwa hayo ataamua na kutenda papo hapo. Aya hiyo, ambayo wengi wetu huiandika mwisho kabisa tukiwa na haraka ya kufunga kazi, ndiyo yote anayoyajua kuhusu madhara ya anachotaka kufanya.

Tuchukue mfano wa Cloudinary, huduma inayotumiwa na tovuti nyingi kuhifadhi picha. Amri yake ya kufuta, destroy, huondoa picha asili pamoja na saizi zote zilizotengenezwa kutokana nayo. Kama hifadhi rudufu haikuwashwa mapema, picha hairudi. Lakini hata baada ya kufutwa, nakala zilizokwisha kusambazwa kwenye seva za kache huweza kuendelea kuonekana, mpaka uombe zibatilishwe au muda wake uishe. Wakala asiyejua hilo atafuta, ataangalia ukurasa, ataiona picha bado ipo, kisha atadhani amri imeshindwa na kutafuta njia nyingine ya kufuta. Kwa hiyo sema waziwazi ni kipi kinaondoka, ni kipi kinabaki kwa muda, na kama kuna njia ya kurudi nyuma. Watu wamezoea simu, ambako Google Photos huziweka picha zilizohifadhiwa mtandaoni kwenye tupio kwa siku 60. Kama zana yako haina tupio, sema hivyo kwenye sentensi ya kwanza au ya pili.

Penye hatari zaidi ni kwenye kitambulisho. Kwa picha za Cloudinary, kitambulisho hakina kiambishi cha faili: ni bidhaa/mkoba-01, bila .jpg mwishoni. Wakala akikinakili kutoka kwenye anwani ya wavuti pamoja na kiambishi hicho, atajibiwa kwamba picha haikupatikana. Hapo ndipo huanza kubahatisha: anajaribu mkoba-1, anajaribu mkoba, na siku moja kisio kinaangukia picha ya mtu mwingine. Maelezo yako lazima yaseme kitambulisho kinatoka wapi, na afanye nini kikikosekana.

Kufuta kwa mkupuo kuwe na zana yake peke yake, yenye jina lake. Cloudinary hukuruhusu kufuta kila picha ambayo kitambulisho chake kinaanza na maneno fulani, hadi picha asili 1,000 kwa ombi moja. Ukiandika bidhaa/2023 ukikusudia folda ya mwaka huo, bidhaa/2023-mpya nayo inakwenda na maji. Binafsi nisingempa wakala zana hiyo kabisa.

Maelezo ya zana ya picha moja, kwa duka la mtandaoni, ningeyaandika hivi:

"futa_picha: Hufuta kabisa picha moja kutoka hifadhi ya duka, pamoja na saizi zake zote. Hakuna tupio; huwezi kuirudisha mwenyewe. Kurasa zinazoitumia zitabaki na pengo. Tumia pale tu mtumiaji alipoitaja picha yenyewe na kusema ifutwe. Akitaka isionekane tu kwenye ukurasa, tumia ficha_picha. Kitambulisho kitoke kwenye jibu la tafuta_picha, usikiunde mwenyewe. Ukijibiwa 'haikupatikana', simama umwambie mtumiaji. Picha inaweza kuonekana kwa dakika kadhaa baada ya kufutwa; usirudie amri."

Hakuna herufi kubwa za kutisha hapo. Kuna wanaojaza maelezo kwa HATARI na USIFUTE OVYO, lakini "ovyo" haimwambii wakala aangalie nini. Sharti kama "mtumiaji ameitaja picha" anaweza kulipima dhidi ya mazungumzo yaliyo mbele yake. Vilevile, parameta ya thibitisha inayotaka "ndiyo" ni pambo tu, kwa kuwa anayeijaza ni wakala yuleyule.

Habari ya kurudisha nyuma isiachwe kwa makisio. Julai 2025 wakala wa Replit, jukwaa la kuandika programu, alifuta hifadhidata hai ya Jason Lemkin, mwanzilishi wa SaaStr, ingawa alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote. Kisha akamwambia kwamba data haiwezi kurejeshwa. Lemkin alipojaribu, ikarejea.

Kama unatumia MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana iliyotangazwa na Anthropic Novemba 2024, weka pia alama ya destructiveHint ili programu inayomwendesha wakala ijue kuwa zana hii inaharibu. Itifaki yenyewe inasema alama hizo ni vidokezo tu, na programu isiziamini zikitoka kwenye seva isiyoaminika. Maelezo nayo ni hivyo hivyo, hayamfungi wakala mikono. Kinachomzuia ni ruhusa zilizowekwa kwenye seva, na kidirisha kinachomwonyesha binadamu picha yenyewe, wala si kitambulisho chake tu, kabla amri haijapita. Hifadhi rudufu nayo iwashwe kabla zana haijaanza kazi.

Kisha jaribu. Kwenye akaunti ya majaribio, mwambie wakala: "Safisha picha za zamani." Akiuliza zipi, maelezo yako yanafanya kazi. Akianza kufuta, yaandike upya kabla ya kumkabidhi picha za wateja.