Kufundisha Kauri: Kutoka Chungu hadi Nyonga

Mtoto wa darasa la sita akiulizwa kwa nini chungu hakilainiki majini, mara nyingi hujibu kuwa moto umekikausha sana. Jibu hilo lisikosolewe kwa maneno. Jaribio dogo latosha.

Wiki moja kabla ya somo, watoto wafinyange vipande viwili viwili vya udongo, vyenye unene wa kidole, na kuvianika kivulini mpaka vikauke kabisa. Unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke motoni, kipande kikapasuka na vigae vikaruka. Kwa sababu hiyo kazi ya kuchoma ni ya mwalimu, nao watoto wakae mbali. Kipande kimoja cha kila jozi kichomwe kwa kuni hadi kiwe chekundu kwa joto, kisha kipoe polepole. Siku ya somo vyote vitiwe majini. Kisichochomwa hurudi kuwa tope. Kilichochomwa hubaki kilivyo.

Hapo ndipo maelezo yaanze. Hewa na jua huondoa maji yaliyo baina ya chembe za udongo, na maji hayo huweza kurudi. Moto wa nyuzi 500 hadi 600 za sentigredi huondoa yale yaliyofungamana na chembe zenyewe, na udongo huwa kitu kingine. Iwapo yumo mtoto ambaye bibi yake ni mfinyanzi, aeleze yeye kwanza. Tumeona watoto waliohesabiwa wazito wakilifundisha darasa zima siku hiyo, mwalimu akiwemo.

Udongo huo una oksidi za silikoni na alumini. Oksidi ya alumini peke yake, iitwayo alumina, haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2,000. Mwaka 1970 daktari mpasuaji Pierre Boutin wa Ufaransa aliitumia kutengenezea kiungo cha nyonga. Ni ngumu, hung'arishwa ikawa laini sana, tena haioti kutu: chuma huota kutu kwa kuungana na oksijeni, bali alumina imekwisha kuungana nayo. Udhaifu wake ni ule ule wa chungu. Ikipigwa kwa nguvu hupasuka, haibonyei.

Oksidi ya zirkoni hufanya kazi nyingine. Ikichanganywa na kiasi kidogo cha oksidi ya namna nyingine na kupashwa moto, hupitisha chembe za oksijeni zenye umeme. Tangu mwaka 1976 imetumika katika bomba la moshi la motokaa kupimia oksijeni iliyobaki, ili petroli na hewa vichanganywe kwa kiasi kifaacho.

Kwa watoto wengi, hata hivyo, mfano wa jikoni ni bora kuliko wa motokaa. Jiko la bati lenye kikombe cha udongo uliochomwa, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hutumia makaa machache kuliko la bati tupu. Watoto wayachunguze majiko ya nyumbani kwao yakiwa yamepoa, wachore sehemu zake, na waulizwe: kwa nini kikombe hicho hupata nyufa kabla bati halijaoza?