Mwanga wa Mimea: Jua au Taa?

Maneno ya somo: mwanga, mche, miche, kitalu, balbu, yuniti.



Nyanyua gunia lililolala juu ya majani kwa siku nyingi. Utaona nini chini yake? Majani yamekuwa ya njano, mengine meupe. Yamerefuka, nayo ni laini. Udongo ni ule ule. Maji yapo. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: mwanga.

Somo hili linatuhusu sisi wa Kwamsisi. Siku hizi vijiji vingi vya Handeni na Korogwe vina umeme. Baadhi yetu wameanza kuuliza, "Je, naweza kuotesha miche ndani ya nyumba kwa taa, ili mbuzi na kuku wasiifikie?"

Kosa nililofanya mimi

Mimi pia niliuliza hivyo. Mbuzi walikuwa wamemaliza kitalu changu mara mbili. Basi nikapanda mbegu za nyanya katika makopo, nikayaweka chumbani chini ya balbu ya darini. Niliwasha taa usiku na mchana.

Mbegu ziliota vizuri. Nikafurahi. Wiki ya pili miche ilirefuka upesi. Nikafurahi zaidi. Wiki ya tatu miche yote ilianguka. Mashina yalikuwa membamba kama uzi. Mvua za vuli zilikwisha kuanza, nami sikuwa na mche hata mmoja. Nilipoteza mbegu, umeme na msimu mzima.

Kurefuka kule hakukuwa afya. Miche ilikuwa inatafuta mwanga. Mimi sikujua kusoma dalili yake.

Mwanga ni moto wa kupikia

Mmea hupika chakula chake katika majani. Hutumia maji ya ardhini na hewa. Mwanga ndio moto wa kupikia. Bila moto, chungu hakichemki. Bila mwanga, jani halipiki.

Mbegu ikiota, kwanza hula akiba iliyomo ndani yake. Ndiyo sababu miche yangu ilionekana mizima siku za mwanzo. Akiba ilipokwisha, njaa ikaanza.

Macho yetu hutudanganya. Usiku tukiwasha balbu, tunaona chumba kizima ni cheupe. Lakini chukua mwanga wa jua kali la saa sita mchana, uugawe mafungu 1,000. Mwanga wa balbu moja ya darini unaofika chini sakafuni pengine hautimizi hata fungu moja. Sisi unatutosha kwa kusomea. Mche haumtoshi kwa kupikia.

Wanaotumia taa

Hata hivyo, wako watu wanaokuza mimea kwa taa. Mlingano, wilaya ya Muheza, hapa hapa mkoani Tanga, kuna kituo cha utafiti wa mkonge. Wataalamu wake wamezalisha miche ya mkonge kutokana na vipande vidogo vya mmea vinavyokuzwa ndani ya chupa.

Kazi ya namna hii hufanywa maabara. Chupa hupangwa kwenye rafu. Taa ndefu huwekwa karibu, juu ya kila rafu. Kwa kawaida taa huwaka saa 16, kisha huzimwa saa 8. Tena mimea hiyo michanga hutiliwa sukari katika chupa, kwa sababu bado haiwezi kujitengenezea chakula cha kutosha.

Wakulima wa Uholanzi pia hutumia taa nyingi katika nyumba za vioo. Kwao, wakati wa baridi, mchana hupungua hata ukawa saa 8 tu. Kwetu mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima.

Ukitaka kutumia taa

Fuata mambo haya:

1. Soma boksi la balbu. Sasa unajua kusoma, basi usinunue kwa kuangalia rangi ya boksi. Namba yenye herufi W ni umeme unaotumika. Namba yenye herufi lm ni mwanga unaotolewa. Balbu mbili zikiwa na W sawa, chagua ile yenye lm nyingi.

2. Chagua mwanga mweupe. Balbu za kisasa zilizoandikwa LED zinafaa. Balbu ya zamani yenye waya unaong'aa haifai. Sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka joto, na ikiwa karibu huunguza majani.

3. Weka taa karibu na miche. Shubiri moja juu ya majani inatosha. Balbu ikiwa mbali mara mbili, mwanga unaofika ni robo tu. Miche ikikua, pandisha taa.

4. Washa saa 14 hadi 16 kila siku, kisha zima. Anza mara miche inapochomoza. Usingoje irefuke.

5. Usitumie koroboi. Mwanga wake ni mdogo sana, moshi wake hudhuru watu, nao moto waweza kuunguza nyumba.

Angalia pia usalama. Maji na umeme havipatani. Zima taa kabla ya kumwagilia. Kazi ya kuunganisha nyaya mwachie fundi umeme.

Tufanye hesabu

Yuniti moja ya umeme ni W 1,000 zikitumika kwa saa moja. Tuseme una balbu mbili za W 10. Jumla ni W 20. Zikiwaka saa 14 kwa siku, 20 mara 14 ni 280. Kwa siku 30 ni 8,400. Hizo ni yuniti 8 na nusu kasoro kidogo. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa. Na balbu hizo mbili zitatosha miche ya sinia moja tu, si ya bustani nzima.

Jua halina mita.

Njia inayotufaa wengi wetu

Kwa bustani zetu za nyanya, fedha ya balbu na umeme ni afadhali tuitumie kujenga uzio. Fanya hivi:

Chagua mahali karibu na nyumba panapopata jua. Zungushia fito na miiba. Juu ya kitalu weka kivuli chepesi cha nyasi, kinachopitisha mwanga. Wiki moja kabla ya kuhamisha miche shambani, punguza kivuli kidogo kidogo, ili miche izoee jua.

Kama miche yako imekwisha ota ndani ya nyumba, usiitoe ghafla saa sita mchana. Itaungua. Siku ya kwanza itoe asubuhi kwa saa moja au mbili. Kila siku ongeza muda.

Ukiona shina jembamba, refu na jeupe, jua kwamba mche una njaa ya mwanga. Usiongeze maji. Usiongeze mbolea. Ongeza mwanga. Ukiwa na shaka, muulize Bwana Shamba au Bibi Shamba.

Jaribio la darasa

Katika miaka ya 1970 Kwamsisi ilijulikana kwa shule yake ya jamii, ambamo watoto walijifunza pamoja na kazi za kijiji. Nasi tujifunze kwa kutenda. Chukueni makopo mawili. Katika kila kopo pandeni maharage matano. Kopo moja liwekeni nje penye jua, ndani ya uzio. La pili liwekeni ndani, mbali na dirisha. Yapeni maji sawa. Zikipita siku 14, pimeni urefu wa miche, tazameni rangi yake, mwandike mliyoyaona.

Maswali

1. Kwa nini majani chini ya gunia huwa ya njano?
2. Miche ya mwandishi ilirefuka upesi. Kwa nini hiyo haikuwa dalili nzuri?
3. Herufi W na lm kwenye boksi la balbu zina maana gani?
4. Balbu tatu za W 10 zikiwaka saa 14 kwa siku, zitatumia yuniti ngapi kwa siku 30?
5. Jadilianeni: katika kijiji chetu, miche hupotea zaidi kwa mbuzi, kwa kiu, au kwa kukosa mwanga? Tufanye nini kabla ya mvua zijazo?