Kelele za Betri katika Vipaza Sauti Visivyo na Waya

Mtoa elimu ya afya akisema "siku tano" na msikilizaji akasikia "siku tatu", dawa haitatumika ipasavyo. Katika vipaza sauti visivyo na waya, mvumo unaovuruga usikivu huweza kusababishwa na betri ya kuchajiwa.

Seli ya lithiamu yenyewe ni tulivu, nayo hutoa takriban volti 3.7. Ili kupata volti 1.5 za betri ya kawaida, baadhi ya betri hizo huwekewa ndani saketi inayokata na kuunga umeme mara nyingi sana kwa sekunde. Ukataji huo ndio chanzo cha kelele.

Ili kuhakiki, weka betri ya kawaida isiyochajiwa bila kubadili jambo jingine. Kelele ikibaki, chanzo ni kingine. Ikitoweka, tumia betri za nikeli zenye alama ya NiMH na volti 1.2, iwapo mwongozo wa kifaa unaziruhusu. Hizo hazina saketi hiyo. Vinginevyo, fundi aweke koili kwenye njia ya umeme, na kapasita kati ya chanya na hasi.

Vifaa vya kupimia wagonjwa visirekebishwe hivyo. Vitumie betri zilizoainishwa na mtengenezaji pekee.