Chema Chajiuza? Mnada, Jina na Bei ya Kazi ya Sanaa: Funzo Kutoka Tabora

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza" hufunza kwamba kitu bora hakihitaji kunadiwa. Makala haya yanadai kwamba mnada wa kazi za sanaa unaikanusha methali hiyo. Neno mnada linahusiana na kitenzi -nadi, yaani kutangaza kwa sauti ili kuuza. Kwa hiyo penye mnada hata chema hutembezwa, na anayekinadi hutangaza mengi ambayo macho hayayaoni. Hoja kuu ni kwamba bei ya mnadani hutokana na ushahidi unaofuatana na kazi, pengine kuliko kazi yenyewe.

2.0 Funzo la Pembe

Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiita Kaze, ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Pembe za ndovu zilizopita hapo zilipimwa kwa frasila, ambayo ni takriban kilo 16. Mnunuzi alikagua uzito, ukubwa na nyufa. Bei ilipanda kadiri pembe ilivyokaribia pwani, kwa kuwa ujira wa wapagazi na hongo za njiani viliongezwa juu yake. Hakuna aliyeuliza jina la mwindaji. Ndivyo ulivyo hata leo mnada wa ng'ombe: sifa za mnyama zimo mwilini mwake, na kila mnunuzi anaziona.

Picha haipimwi kwa mizani. Dalali wa sanaa huuliza: imechorwa na nani? Lini? Sahihi ni ya kweli? Hali yake ikoje? Imepitia mikono ya nani? Orodha ya wenyeji wake wa awali, ambayo hapa inaitwa nasaba ya umiliki, ndiyo huithibitisha. Hata hivyo, ushahidi wote huo hautoshi pasipo wanunuzi wawili wanaoitaka kazi ileile. Mmoja akiwa peke yake, bei haipandi.

3.0 Jina Linapokuwepo

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora mjini Dar es Salaam mnamo 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya hadibodi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi. Miaka minne hivi ya kazi ilimwachia idadi ndogo ya picha, na uadimu huo ni chanzo cha kwanza cha bei yake. Chanzo cha pili ni jina lake, ambalo limekuwa jina la mtindo mzima.

Hapo ndipo utata unapozuka. Kwa wanafunzi wake, kuiga mkono wa mwalimu ni njia ya kujifunza na kuendeleza mtindo. Kwa dalali, kila nakala yenye sahihi ya Tingatinga huongeza shaka. Picha iliyonunuliwa na mgeni wakati msanii angali hai, ikahifadhiwa pamoja na stakabadhi au barua, hushinda nyingine inayofanana nayo kwa kila hali ila haina ushahidi. Tangu mwaka 2013, Nairobi imekuwa na mnada wa sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo suala hili si la Ulaya pekee.

4.0 Jina Linapokosekana

Kinyume chake ni viti vya enzi vya Unyamwezi. Kimojawapo, chenye mgongo uliochongwa umbo la mtu, kilitoka Buruku na kuhifadhiwa Berlin. Kilipelekwa huko zama za utawala wa Wajerumani, walioiteka ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe Januari 1893. Mwaka 1994 maonyesho ya uchongaji wa Tanzania yalifanyika Berlin, na kitabu chake kikapewa pia jina la Kiswahili: Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Wengi wa mabingwa hao hawajulikani kwa majina, kwa kuwa waliochukua kazi zao hawakuuliza.

Kazi za aina hii zinaponadiwa, pengo la jina la mchongaji hujazwa na jina la mkusanyaji, makumbusho au kitabu kilichoichapa picha yake. Sifa inayopandisha bei inakuwa ya aliyekimiliki kitu, na aliyekichonga anasahauliwa.

5.0 Hitimisho

Bei na thamani hazina budi kutofautishwa. Kiti cha mtemi kilikuwa na thamani kubwa bila kuwa na bei, maana hakikuuzwa. Bei ilikuja baada ya kiti kutengwa na watu walioijua thamani hiyo.

Pembe zilipita Tabora bila majina, na viti vikafuata mkondo uleule. Mchongaji au mchoraji wa Tabora wa leo anaweza kupatwa na hayo hayo endapo jina lake, mwaka wa kazi na jina la mnunuzi wa kwanza havitaandikwa. Mtafiti anayeyaandika hayo uwandani anahifadhi ushahidi ambao siku moja utaamua bei ya kazi hiyo na, muhimu zaidi, haki ya kuidai irudishwe.