Wiski laini ya Uskoti kwa anayeanza

SWALI: Wiski ya Uskoti niliyoonja ilinichoma koo na kunuka moshi. Je, ipo iliyo laini?

JIBU: Ipo, tena nzuri sana. Moshi ule hutokana na shayiri iliyokaushwa kwa moto wa mboji, desturi maarufu ya kisiwa cha Islay. Iache kwanza. Anza na Glenmorangie ya Tain, kaskazini mwa Uskoti. Mitambo yake ya kukenekea ina shingo zinazozidi mita 5, kimo cha twiga, hivyo mvuke mzito hurudi chini na ule mwepesi ndio unaopita. Kisha wiski hulazwa miaka mingi katika mapipa ya mwaloni yaliyowahi kuhifadhi bourbon, wiski ya Marekani, na humo hupata harufu ya vanila. Auchentoshan, jirani na Glasgow, hukenekwa mara 3 badala ya 2 za kawaida. Ni nyepesi zaidi, ingawa kwangu Glenmorangie ina ladha pana.

Usiigide kwa mkupuo. Kileo chake hakipungui asilimia 40, basi ongeza kijiko cha maji, nusa taratibu, kisha onja kidogo. Barafu nyingi hufifisha harufu. Na tafadhali, ukishakunywa, usishike usukani.