Ukienda Watamu, Uliza Upepo Kwanza

Wengi wetu hupanga safari ya pwani kwa kuangalia likizo za shule na bei ya vyumba. Lakini kati ya Kilifi na mdomo wa Mto Sabaki, wenyeji wa majini, angani na msituni hufuata kaskazi na kusi. Hivi ndivyo utakavyowakuta.

1. Jua ni msimu wa upepo gani. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi: bahari shwari, maji maangavu, na samaki wa matumbawe katika Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyotengwa tangu 1968, huonekana vizuri. Kusi hushika kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Maji huchafuka, majani ya bahari hulundikana ufuoni, na wenye hoteli hununa. Usinune nao, soma namba 5.

2. Fuata mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo huwa ni bamvua, na maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hapo ndipo vidimbwi vya miambani hufunuka, na pweza akabaki akikutazama kwa jicho la mashaka. Tembea penye mchanga, usikanyage matumbawe, wala usiokote makome ndani ya hifadhi. Wakati wa maji mafu, lala tu. Tarehe usizitafute kwenye simu: mvuvi yeyote atakutajia.

3. Mida Creek, nenda maji yakianza kujaa. Yakiwa yamepwa kabisa, ndege hutawanyika mbali wakawa nukta tu. Yakijaa, tope hupungua na ndege husogezwa karibu na daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Wageni wa kutoka kaskazini ya mbali huwepo Agosti hadi Aprili. Mtafute ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mno kwa mwili wake. Huyu huzaliana kwenye fukwe za joto za upande wa Ghuba na Oman, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja ndani yake. Mwishoni mwa Machi watazame pia vitwitwi: baadhi yao, waliokuwa wa kijivu msimu mzima, huanza kugeuka wekundu kifuani. Wanavaa nguo za harusi, na harusi yenyewe iko Siberia. Kiingilio cha daraja usikilalamikie, kwani husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji jirani.

4. Ukiwa papo hapo, lamba jani. La mchu, tafadhali, si lolote tu. Mchu hutoa chumvi kupitia majani yake, na mizizi yake ya kupumulia huchomoza wima kutoka topeni. Mkoko wenyewe utautambua kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mlilana ndio husimama mbele kabisa, ukipigwa na mawimbi.

5. Nyangumi, Julai hadi Septemba. Nyangumi wa nundu hutoka maji baridi ya Antaktika kuja kuzaa huku kwetu. Amka mapema, kabla upepo haujapanda, utafute moshi wa maji juu ya bahari nje ya mwamba. Ukikodi mashua, mwambie nahodha mapema kwamba hutaki kuwakimbiza. Atakayekuahidi kuwagusa, mwache aende peke yake.

6. Kasa, zima tochi. Hutaga usiku, zaidi katika miezi ya kusi, na mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Vitoto huelekea penye mwanga, na kwa asili mwanga huo ni wa bahari. Taa ya simu yako huwapeleka barabarani.

7. Mvua ikipiga, ingia msituni. Arabuko-Sokoke hububujika vipepeo baada ya mvua. Pale Gede, mradi wa Kipepeo umekuwa ukiwanunua viwavi waliogeuka buu kutoka kwa wanakijiji tangu 1993. Tembea polepole, huenda ukamwona sange mwenye matako ya dhahabu akipekua majani makavu kwa pua yake ndefu. Hukimbia kabla hujafungua kamera.

8. Malizia Sabaki, Agosti, alasiri. Kundi la ndege wa kahawia wanaoruka kwa mtindo wa mbayuwayu wametoka Madagaska kukimbia baridi ya kwao. Chukua mwongozaji wa kijijini, maana viboko wapo, na usivae viatu unavyovipenda. Tope lile limesafiri kutoka bara, haliwezi kukubali kutoka kwenye soli kwa maji ya bomba tu.