Mchezaji Mwenye Saa Moja

Katika gazeti la muhula uliopita mwenzetu mmoja aliandika ya kuwa michezo ya kompyuta ni wezi wa saa. Sikuja kumpinga, maana mengi aliyosema ni kweli, nami nitayaongezea ushahidi. Lakini liko jambo ambalo hakuligusa, nalo ni jinsi watengenezaji wa michezo ya uhusika ya intaneti walivyojifunza, nyongeza baada ya nyongeza, kumtunza mtu mwenye saa chache. Mimi ni mmoja wa watu hao. Bwenini haturuhusiwi simu wala kompyuta, hivyo nacheza wakati wa likizo tu.

Yafaa kwanza wazazi wetu waujue mchezo wenyewe. Ni nchi ya kubuni ambayo maelfu ya watu huingia kwa wakati mmoja, kila mtu na mhusika wake: mshika ngao, mchawi, tabibu, mwindaji. Mhusika huanza ngazi ya kwanza, na kwa kufanya kazi na kupigana na mazimwi hupanda ngazi na kupata silaha bora. Mpira wa miguu hwisha dakika ya 90, lakini mchezo huu hauishi; ukiondoka wewe, wenzako wanaendelea kupanda. Nyongeza ni sehemu mpya ya nchi hiyo, huuzwa kila baada ya miaka miwili hivi, nayo huja na visa vipya, maadui wapya, na mara nyingi ngazi mpya juu ya zile za zamani.

Mfano wangu ni World of Warcraft wa kampuni ya Blizzard ya Marekani, uliotolewa Novemba 2004. Huo ndio niujuao. Alinifundisha kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyekwenda Uingereza kusoma mwaka 2008 na akabaki huko kufanya kazi ya uuguzi. Ndiye anayenilipia ada ya mwezi.

Tangu mwanzo mchezo huu ulikuwa na hila moja ambayo naipenda sana. Ulipokuwa bado katika majaribio, waliucheza watu wa kwanza, na ikawekwa kanuni ya kwamba mtu akicheza saa nyingi mfululizo, alama anazopata zinapungua nusu. Wachezaji wakalalamika kuwa wanaadhibiwa. Watengenezaji wakageuza maneno, hesabu ikabaki karibu ile ile: alama zile za nusu zikaitwa za kawaida, na zile za kwanza zikaitwa maradufu, zawadi ya mtu aliyepumzika. Malalamiko yakaisha! Basi hata leo ukimwacha mhusika wako katika nyumba ya wageni kabla ya kutoka, anajiwekea akiba ya mapumziko, na ukirudi kila zimwi unaloliua hukulipa mara mbili mpaka akiba iishe. Nilipoambiwa hivyo nilifurahi nikidhani muhula mzima utanitajirisha. Kumbe akiba hujaa baada ya siku 10 hivi, kisha haiongezeki tena. Aliyepanga hivyo hakufikiria wanafunzi wa bweni.

Lakini akiba ile ilimsaidia mtu kupanda ngazi tu. Juu kabisa mambo yalikuwa mengine. Vita vikubwa vya miaka ile ya kwanza vilitaka kikosi cha watu 40, wote wamekaa mbele ya kompyuta saa ile ile, jioni kadhaa kwa juma. Ngome ya Naxxramas ilifunguliwa mwaka 2006, na wachezaji wachache mno waliwahi kuingia ndani yake. Wengine wote waliiona ikielea angani tu. Hapo ndipo nyongeza ya kwanza, The Burning Crusade, ilipokuja Januari 2007. Iliongeza ngazi kutoka 60 mpaka 70, na silaha alizopewa mtu kwa kazi ndogo ndogo za mwanzo zikazishinda nyingi za zile zilizopatikana kwa miezi ya jasho. Wakubwa walinung'unika sana. Walakini mtu aliyebaki nyuma mwaka mzima alijikuta amesimama mstari mmoja nao, kama vile mbio za shule zinapoanza upya. Vikosi navyo vikapunguzwa, vikawa vya watu 25 na vya watu 10. Nyongeza ya pili, Wrath of the Lich King ya Novemba 2008, ikairudisha ile ngome ya Naxxramas kwa vikosi hivyo vidogo, na watu wa kawaida wakaingia.

Kaka aliingia mchezoni wakati huo. Hata hivyo watu 25 bado ni wengi. Yeye alikuwa mshika ngao, yaani yule anayesimama mbele ili zimwi limpige yeye na si wenzake; akiondoka dakika mbili, wote wanakufa. Alikuwa na jioni nne kwa juma. Mama mkubwa alikuwa akimpigia simu kutoka Tanga, nayo inalia mpaka inanyamaza. Mwaka huo alishindwa mitihani akarudia masomo, na nyumbani alisema ni baridi ya Uingereza. Ameniruhusu kuliandika hili, maana mama mkubwa sasa anajua.

Nalitaja kwa sababu linaonyesha kosa ambalo watengenezaji wenyewe walilifanya baadaye. Walidhani mchezaji wa mara moja moja anataka vita vyepesi. Novemba 2011 wakaweka mlango ambao mtu yeyote anaingia, anaunganishwa na wageni 24, na joka kubwa la wakati huo linauawa kwa urahisi. Nimeujaribu mlango wa namna hiyo. Hakuna anayesalimu. Ukikosea unafukuzwa, usipokosea hakuna anayekujua, na ushindi wenyewe hauna ladha. Mtu wa saa chache hana upungufu wa akili wala wa mikono. Amepungukiwa na saa. Kumpunguzia ugumu bila kumpa watu wa kucheza nao ni kumpa chai isiyo na majani. Tena mwaka 2014 kampuni ilianza kuuza ngazi zenyewe: ukilipa dola 60, mhusika wako anaruka mpaka ngazi ya 90. Hapo sioni utunzaji wowote, naona duka.

Dawa niliyoiona mimi imo katika nyongeza ya Agosti 2024, The War Within. Humo mna mapango madogo ambayo anaingia mtu mmoja, au wawili, mpaka watano. Ukiwa peke yako unafuatana na mbilikimo mzee aitwaye Brann, ambaye unaweza kumwamuru awe tabibu wako. (Mchezo wa Final Fantasy XIV wa Wajapani ulikuwa umeshaweka wenza wa namna hiyo katika nyongeza yake ya 2019.) Pango moja huchukua kama robo saa. Lakini si mchezo wa watoto: kila pango lina madaraja, na ukichagua daraja la juu utapigwa mpaka ujifunze. Silaha zake nazo zinatosha. Kwa hiyo waliopunguzwa ni saa na idadi ya watu, na ugumu ukaachwa kwa hiari ya mchezaji.

Likizo ya Juni iliyopita kaka na mimi tuliingia mapango hayo kila mara aliporudi kutoka zamu ya usiku, kabla hajalala. Ana watoto wawili sasa. Siku moja katikati ya pango akaniambia, "Simama hapo hapo, bwana mdogo," nikasikia mtoto analia, kisha mlango, kisha kimya. Nilisimama pembeni na yule Brann dakika kumi na mbili. Hakuna mtu wa tatu aliyekasirika, hakuna aliyekufa. Aliporudi alisema, "Tena mama mkubwa wako amepiga, anakusalimu."

Tulimaliza pango lile tukashindwa lililofuata, daraja la 8, mara tano. Tumekubaliana kulirudia Desemba, mtihani wa Kidato cha Nne ukishapita. Mhusika wangu amelala katika nyumba ya wageni mjini Dornogal tangu nilipofunga kompyuta mwanzo wa Julai, na akiba yake ilijaa zamani.